Kila Faili Lilitoa Shikamoo

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, wiki ya pili tangu tuingie kidato cha tatu. Mwalimu Rashidi alisimama mbele ya chumba cha mwisho, kile kilichopakana na stoo ya majembe, akapigana na kufuli mpaka likakubali. Nyuma yake tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, Kabula na Method. Asubuhi, mstarini, wengi walikuwa wamenyoosha mikono, lakini waliposikia kwamba hakuna intaneti wala kuangalia video wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Mlango ukafunguka, tukapokelewa na harufu ya popo na ya plastiki mpya. Ndani, juu ya meza za maabara zilizochoka, kulikuwa na kompyuta zilizofunikwa vitenge vya zamani kama watoto waliolazwa mchana. Mwalimu akazifunua moja moja. "Chagueni pa kukaa," alisema. Nilichagua kona ya ndani kabisa, penye dirisha lililokosa kioo kimoja, kwa sababu mtu akikaa pale hakuna anayeweza kupita nyuma yake.

Sasa nina miaka kumi na tisa. Nimemaliza kidato cha sita, niko kwa mama mdogo hapa Nsemulwa, mjini Mpanda, nasubiri matokeo, na kazi hii ya kusubiri imenishinda. Nakaa, nasimama. Nafagia uwanja ambao asubuhi nilishaufagia. Naanza kuosha vyombo, naviacha na povu naenda kuangalia barabarani, na barabarani hakuna kitu. Mama mdogo anasema nina siafu miguuni. Ningevumilia, ila wiki iliyopita Kabula alipita Mpanda akitoka chuo cha uuguzi kwenda kuwaona wazazi wake Usevya, akalala kwetu. Tulikula, tukacheka, asubuhi akapanda gari akaondoka, na tangu hapo sijatulia kabisa, kwa sababu wakati anakunja kanga yake alisema, "Fide, ule mwaka wa chumba hatujawahi kuuongelea." Ni kweli. Tumeongelea kila kitu isipokuwa huo. Mimi naandika shajara tangu darasa la sita, lakini kurasa za mwaka ule ukizisoma utadhani niliishi peke yangu na hali ya hewa. Kwa hiyo nauandika upya. Habari za ukoo wetu, na nilivyotoka Kapalamsenga kuja kusoma mjini, naziacha. Zinafanana na za watu wengine.

Lazima nieleze aibu yangu ilivyokuwa, la sivyo chumba chenyewe hakitaeleweka. Darasani nilikuwa najua majibu na siyasemi. Mwalimu akiniita jina, damu inapanda masikioni mpaka nasikia mvumo kama mashine ya kukoboa. Walimu wengine waliniona mjeuri. Salamu ndizo zilikuwa mzigo kuliko vyote. Kutoka nyumbani mpaka shuleni unapita kwa watu wazima wengi, na mdogo ndiye anayeanza, hivyo kila mama aliyekaa na karai lake la maandazi na kila baba aliyeshika baiskeli alikuwa kilima cha kupanda. Nilijifunza kupita nyuma ya nyumba. Kile chumba hakikunidai hayo. Niliandika kitu, kompyuta ikajibu. Nikikosea iliniambia nimekosea mstari gani, bila kugeuka kuwaangalia wenzangu. Mara ya kwanza programu yangu ilipokwenda, na ilikuwa inajumlisha namba mbili tu, nilitoka nje nikazunguka jengo zima ndipo nikaweza kurudi kukaa.

Wenzangu wawili walikuwa watu wa kelele. Method alikuwa mtoto wa fundi magari, ana mdomo kama redio, akaniita Bubu kuanzia siku ya kwanza. "Leo Bubu kaandika kurasa tatu," anasema, "ningekuwa mimi kompyuta ningeomba maji." Kabula anamjibu bila kuinua macho, "Wewe unaongea sana na programu yako haiendi. Mwache mtoto wa dagaa afanye kazi." Mtoto wa dagaa ni mimi, kwa sababu kwetu Kapalamsenga ni kando ya Ziwa Tanganyika. Na mimi, nikiwa na yeye peke yake, nilimwita mtoto wa maziwa, maana wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Usevya na ng'ombe kabla hajazaliwa. Kabula alikuwa mrefu, mikono mikubwa, na alisalimia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Akikutana na mzee anapiga goti hata kama kuna tope, anauliza ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua. Nilikuwa nasimama pembeni yake nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu nikiomba iishe. Lakini yeye akisalimia, mimi nilipita bure. Watu walituhesabu wote wawili kuwa tuna adabu.

Chumba hakikuwa chetu kwa amani. Nyuma ya bwalo, chini ya turubai, vilikuwepo vitanda vya chuma vya ghorofa ambavyo wazazi walikuwa wamechangia. Vitanda vilitengenezwa, jengo la kuviweka halikujengwa. Siku moja nilipeleka madaftari ofisi ya walimu, na kwa kuwa mimi nikiingia mahali huwa sionekani, waliendelea kuongea. Mkuu wa shule, ambaye wote tulimwita Madam, alikuwa anakula kiporo cha wali kwa kijiko kikubwa. "Rashidi," alisema, "chumba kile kina mashine na watoto watatu. Mabinti wangu wanapanga vichumba huko mitaani, wanajipikia, hakuna anayejua wanalala na nini. Nikiweka vitanda humo naokoa watu." Mwalimu Rashidi, ambaye alikuwa anajitolea tu na hana ajira, akasema taratibu kwamba tupewe nafasi tuonyeshe tunachofanya. Madam akatafuna, akameza. "Afisa elimu anakuja kukagua kabla ya mitihani. Mtamwonyesha. Akiona kuna faida, chumba kibaki. Asipoona, vitanda viingie. Aamue yeye, nisiwe mbaya mimi." Niliweka madaftari mezani, yakaanguka, nikayaokota, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Tangu siku hiyo sikukaa vizuri. Nilikuwa nikiangalia kona yangu naona kitanda. Nikipita nyuma ya bwalo naangalia lile turubai kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani. Jambo ambalo halikunijia kichwani, na sasa linanishangaza kuliko yote, ni kwamba Kabula alikuwa mmoja wa hao mabinti. Nilikuwa nakwenda kwake kila Jumamosi. Alipanga chumba nyuma ya stendi, geto kama tulivyoita, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati bila dari, godoro kwenye mkeka, na jiko la mkaa mlangoni. Kwao walimletea mchele wa Mpimbwe kwenye ndoo ya rangi. Mimi nilipeleka migebuka iliyokaushwa, samaki wa ziwani kwetu, na tulipika wali unaonukia mpaka watoto wa mwenye nyumba wanakuja kusimama mlangoni na sahani zao bila kuitwa. Tulikula kwenye sinia moja, tumekaa chini. Nyuma ya mlango kulikuwa na mchi mkubwa na ndoo iliyojaa maji. Nilidhani anatwanga.

Hapo ndipo nilipomwambia niliyoyasikia ofisini. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki kinywani. Aliuweka pembeni ya sinia, akaupanga vizuri na mingine.

"Kwa hiyo bweni au kompyuta," alisema.

"Ndiyo. Lazima tumwonyeshe afisa kitu kikubwa."

"Wewe unatakaje?"

"Chumba kibaki. Wewe je, hutaki?"

Akanawa mikono. "Tufanye hiyo programu," alisema. "Tuifanye vizuri."

Mwalimu Rashidi alitufundisha Python. Kwa asiyejua, ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, na maagizo unayahifadhi kwenye faili. Faili likiwa refu mno unaligawa, kila kipande kinakuwa faili lenye kazi yake, nalo linaitwa moduli. Kisha linakuwepo faili moja la kuanzia, ndiyo mlango wa mbele, na hilo linaandika neno import pamoja na jina la jingine, yaani linaliita lije kusaidia. Tulikubaliana kutengeneza programu ya maswali ya kuwasaidia kidato cha pili kujisomea. Method achukue jiografia, Kabula biolojia, mimi kemia, kila mmoja faili lake. Faili la mlangoni lingemkaribisha mtu, lingemuuliza anataka somo gani, kisha lingelituma faili la somo hilo. Nilipewa mimi kuliandika kwa sababu wengine wawili hawakupenda kazi ya kuunganisha.

Siku aliyotufundisha kuunganisha naikumbuka kwa mwanga wake, maana wingu lilikuwa limeshuka na chumba kilikuwa cha bluu. Aliandika ubaoni mstari mmoja:

if __name__ == "__main__":

"Sikilizeni," alisema. "Faili mnaloliendesha wenyewe, Python inalipa jina la muda, main. Faili hilo hilo likiitwa na jingine, linabaki na jina lake la siku zote. Kwa hiyo chini kabisa mnaliuliza: wewe sasa hivi ni main? Kama ndiyo, anza kazi. Kama hapana, kaa kimya usubiri kutumwa."

Method akajaribu, akaufuta mstari, akajaribu tena. "Sir, nimeuweka na nimeutoa, programu ni ile ile."

"Kwa sababu unaliendesha lenyewe. Utaona tofauti mkishaunganisha."

Kisha umeme ukakatika, mvua ikapiga bati, hakuna aliyesikia mwenzake, na somo likaishia hapo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililotuponza. Kila mmoja wetu, bila kuambiwa, alikuwa ameanza kazi ya faili lake kwa salamu. Shikamoo. Karibu sana. Andika jina lako. Ungeanzaje kumuuliza mtu maswali hujamsalimia? Mwalimu alipopita akiangalia alisema faili linaloitwa halipaswi kusema kitu, salamu iwe moja tu, ya mlangoni. Kabula alimsubiri aondoke.

"Yaani biolojia yangu iingie mbele ya mgeni kimya, kama mwizi?" aliuliza.

"Faili la mlangoni litakuwa limeshasalimia," nilisema.

"Nyie kwenu mgeni akija anasalimiwa na mmoja? Kwetu hata mtoto anayeletwa kushika kuku anasalimia kwanza."

"Point," alisema Method. "Afisa akiona kila somo linampa shikamoo yake, atajua hawa wamelelewa."

Ningeweza kubishana. Nilijua kuna kitu mwalimu alisema ambacho hatukukielewa, kilikuwa kinaniwasha kama punje ya mchanga kwenye jicho. Lakini mimi, ambaye nilikuwa napita nyuma ya nyumba za watu, ningewaambia nini kuhusu salamu? Tuliziacha salamu zote zikae, na ule mstari wa ubaoni hatukuuweka. Kila faili likiendeshwa peke yake lilikwenda vizuri kabisa. Tuliendesha jiografia tukajibu maswali, tukaendesha biolojia, tukaendesha kemia, tukapigiana makofi. Ilibaki kuendesha faili la mlangoni likiyaita yote, na hiyo tuliiweka siku ya mwisho, na siku ya mwisho umeme haukurudi mpaka shule ilipofungwa mageti.

Afisa elimu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, mpole, mwenye tumbo la kuheshimika. Aliingia na Madam na walimu wengine, chumba kikajaa, joto likapanda. Kabula ndiye msemaji. Mimi nilikaa pembeni ya kibodi kumsaidia mgeni, nikiwa nimeangalia vidole vyangu. Kabula alipiga goti, akasalimia vizuri, akaeleza tulichotengeneza, akamkaribisha afisa kwenye kiti. "Chagua somo lolote, mzee, programu itakuuliza."

"Mimi ni mtu wa kemia," alisema afisa. "Nipeni kemia."

Kemia ni yangu. Nikaliendesha faili la mlangoni. Kioo kikaandika: Shikamoo. Karibu sana. Andika jina lako.

"Marahaba," alisema afisa, na walimu wakacheka kwa furaha. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Nilisubiri imuulize anataka somo gani. Badala yake ikaandika: Jiografia, swali la kwanza. Maji ya Mto Katuma huishia ziwa gani?

"Nimesema kemia," alisema afisa.

"Itakuja, mzee," alisema Kabula.

Akafikiri, akaandika Tanganyika. Kompyuta ikajibu: Umekosa. Rudi kasome Rukwa, mdogo wangu.

Method ndiye aliyeandika hivyo, kwa ajili ya watoto wa kidato cha pili. Mwalimu mmoja aliachia kicheko, akakigeuza kuwa kikohozi. Hakukuwa na njia ya kutoka mpaka maswali yaishe, hivyo mzee wa watu akajibu yote, mengine akapata, mengine akaambiwa mdogo wangu. Yalipokwisha, kioo kikatulia kidogo, kisha kikaandika: Shikamoo. Karibu sana. Andika jina lako.

"Si nimeshaandika?"

Kabula aliniangalia. Afisa akaandika jina lake mara ya pili, na ikaanza biolojia. Akapitia maua na figo. Alipomaliza, shikamoo ikaja tena. Hiyo ilikuwa ya faili langu. Safari hii hakuitikia. Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi akaiweka magotini.

"Mashine yenu hii inasahau watu?" aliuliza.

"Mwalimu Rashidi," alisema Madam, "hiki ndicho mlichotaka tukione?"

Mwalimu alifungua mdomo. Afisa akamzuia kwa kiganja. "Ngoja, mwalimu. Waseme watoto wenyewe."

Wote wakamgeukia Kabula, kwa sababu ndiye msemaji, na Kabula hakujua. Method alikuwa amegundua kitu cha kuvutia sana kwenye dari. Na mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu ile shikamoo ya pili. Faili la mlangoni lilipoyaita mengine, Python haikuyaleta yakiwa yamekaa. Iliyasoma kila moja kutoka juu mpaka chini na kutekeleza kila kilichoandikwa wazi, salamu, jina, maswali, yote, kabla faili la mlangoni halijapata nafasi ya kusema neno. Kila faili lilidhani ndilo lililofungua mlango. Nilikijua hicho chote na kilikuwa kimejaa kifuani, masikio yakavuma, nikaona afisa anaangalia saa yake, na nyuma ya bega lake nikaona dirisha, na nje ya dirisha kona ya lile turubai.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Hata wewe?" alisema afisa, na chumba kizima kikacheka, hata Madam.

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia programu haijaharibika, ina adabu kupita kiasi. Nilimweleza kwamba tuna mafaili matatu yanayotumwa na moja linalotuma, na yale yanayotumwa hayajui kama yametumwa. Nilisema kuna mstari wa kuyauliza, na mwalimu alitufundisha, sisi ndio hatukuuweka. Nilikuwa naongea na kibodi, lakini nilikuwa naongea.

"Utaweza kuuweka sasa hivi?"

"Naweza."

"Weka."

Nikafungua jiografia, nikashuka mwisho, nikaandika ule mstari, nikaisogeza salamu na wito wa maswali vikae ndani yake. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho, nikakosea, nikafuta. Biolojia hivyo hivyo. Kemia hivyo hivyo. Nilisikia feni ya kompyuta na mtu akimeza mate. Nikaliendesha faili la mlangoni. Shikamoo moja. Jina moja. Kisha: Unataka somo gani? Afisa akaandika kemia, na kemia ikaja bila kusema kitu, ikauliza swali lake. Alijibu yote sawasawa, na alipomaliza alikuwa anatabasamu kama mwanafunzi. "Vizuri," alisema. "Hii ni vizuri sana, mwalimu." Mwalimu Rashidi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nilijua tumekipata chumba. Kwa muda mfupi nilikuwa nacho kabisa, kona, dirisha, kila kitu.

Afisa akageuza kiti, akamwangalia Kabula. Nadhani alitaka tu kumtoa aibu msemaji aliyeshindwa. "Na wewe binti unayesalimia vizuri, unakaa wapi?"

"Nimepanga, mzee. Nyuma ya stendi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Wazazi wako Usevya."

"Ni salama?"

Kabula aliniangalia mimi kwanza. Nilidhani atasema ndiyo. Kila mtu husema ndiyo kwa mgeni.

"Siyo salama," alisema. "Kuna mtu anasukuma mlango usiku. Naegemeza mchi, na ndoo ya maji juu ya kigoda. Ndoo ikianguka naamka, napiga kelele, anaondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

Hakusema kwa kulia. Alisema kwa sauti ile ile ya kueleza programu. Madam alikaa kwenye meza, juu ya kitenge. Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Vitanda viko wapi?" aliuliza, na Madam akasema viko nyuma ya bwalo, na afisa akasema viingie kesho, mashine zitatafutiwa pengine, akanigeukia akasema samahani, binti, umefanya kazi nzuri, na mimi nikasema asante kwa sababu ndicho kinachosemwa.

Jioni hiyo mama mdogo alipika ugali na kisamvu cha karanga, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sikukila. Nilizunguka nyumba. Nilifungua begi nikalifunga. Kila nilipofikia kumwonea huruma Kabula, hasira inaingia mbele: kwa nini hakuniambia mimi? Nimekula kwake kila Jumamosi. Nimeegemea ule mlango. Kisha nakumbuka aliniuliza wewe unatakaje, na nilivyojibu upesi, na hasira inahamia kwangu, kisha inarudi kwake kwa sababu huko ilikuwa inakaa vizuri zaidi. Mama mdogo alisikia habari yote kutoka kwangu vipande vipande, akiwa anasugua sufuria. "Kwa hiyo yule mtoto analala wapi leo?" aliuliza. Nikasema kwake, kule kule. "Na wewe umekaa hapa?" alisema, akanitupia kanga. Tulikwenda kumchukua kabla giza halijaingia. Kabula alilala kwenye kitanda changu, mimi upande wa ukutani, tukapeana migongo.

Nimeambiwa mtu akikumbuka mambo ya ujana anayaona madogo. Mimi bado siyaoni madogo. Kompyuta zilikaa kwenye maboksi mpaka tulipomaliza kidato cha nne, isipokuwa mbili zilizowekwa maktaba, zenye foleni ndefu. Mwalimu Rashidi alipata ajira wilaya nyingine akaondoka na chaki zake. Nilijifunza yaliyobaki kwa kusoma kitabu kimoja kilichopoteza kurasa za mwisho, na hadi leo kuna mambo ya Python ambayo najua yanavyoanza na sijui yanavyoishia. Kingebaki kile chumba, sijui ningekuwa wapi sasa. Nikimwangalia Kabula akikunja kanga, mkubwa, ana saa ya uuguzi kifuani, najua pia kitu kingine. Vyote viwili vinakaa ndani yangu havisalimiani.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Niliamka nikakuta Kabula ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. "Mwangaluka," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma chao, nami nikaitikia. Tulikunywa chai bila sukari kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kuiomba sukari ya mama mdogo. Shuleni tulimkuta Mwalimu Rashidi anakunja nyaya na Method anabeba vioo vya kompyuta kifuani, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilichomoa waya wa ile ya konani mwenyewe, nikaifunika kitenge, nikaipeleka ofisini. Vitanda vikaingia. Kisha tukaenda nyuma ya stendi, mimi na Kabula, kuchukua vitu vyake, na tulipofika kwenye godoro akasimama upande mmoja na mimi upande wa pili.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

"Haya," alisema. "Shika huko kichwani, linakunjika vibaya."

Nikashika. Tulitoka nalo njia kuu, si nyuma ya nyumba, kwa sababu godoro halipiti huko, na watu wazima walikuwa wamekaa vibarazani wakitutazama. Kabula alikuwa mbele, uso umefunikwa na godoro, hamwoni mtu. Ikabidi nisalimie mimi.